Macho ya Agnesi Jua Likizama

Kijiwe chetu kipo Buzebazeba, hapa Kigoma, kwenye kibaraza cha duka la vipuri vya baiskeli lililofungwa tangu mwenye duka ahamie Kasulu. Mimi ndiye ninayechemsha kahawa hapo. Jina langu ni Elia, ila wananiita Mzee Birika, na wateja wangu wa saa kumi ni walewale. Yupo Nikodemu, tunayemwita Stesheni kwa sababu alifanya kazi reli mpaka akastaafu. Yupo Eliakimu, anayeitwa Dokta, ambaye alikuwa mlinzi wa zahanati fulani miaka kumi na moja akatoka na maneno yote ya humo ndani. Yupo Selestini, au Mtandao, kijana wa bodaboda asiyebandua macho kwenye simu. Na yupo Gervasi, fundi wa maboti kule Kibirizi, jina lake la kijiweni Msumari. Hao wanne wakikutana, hata bei ya nyanya inaweza kuwachukua mpaka magharibi. Alhamisi moja Gervasi alikuja wa mwisho. Akapokea kikombe, akakaa, hakunywa.

— Msumari, kahawa inapoa, nikamwambia.

— Mzee, mke wangu haoni.

Stesheni akashusha kikombe chake.

— Haoni vipi? Agnesi? Asubuhi nimempita sokoni, kanisalimia kwa jina.

— Asubuhi anaona. Jua likiwepo anaona kila kitu, hata uzi anatunga kwenye sindano. Jua likizama ndiyo basi. Kama mtu amemfunika gunia.

— Tangu lini?

— Sijui. Yeye hasemi. Mimi nilianza kumshtukia juzi. Nilirudi magharibi, yeye anatoka ndani na beseni la maji. Nikasimama njiani mbele yake, kimya, nilitaka tu nimtanie. Akaja moja kwa moja, macho yako wazi, ananitazama hapa usoni. Akanigonga kifuani na beseni. Akapiga ukelele kama amekutana na mzimu. Namuuliza, hukuniona? Ananiambia, nilikuwa nawaza mambo yangu.

 Gervasi alikuwa amekishika kile kikombe kwa mikono miwili kama mtu mwenye homa.

— Na jana jioni, akasema, alitoka bombani akaanguka kwenye mtaro. Mtaro uleule anaouvuka kila siku. Mimba ya miezi saba, Mzee. Majirani ndio waliomtoa.

— Mtoto anacheza? nikauliza.

— Anacheza. Niliweka mkono tumboni mpaka nikasinzia.

Dokta alikuwa wa kwanza kujikohoza. Tukajua anakuja.

— Hiyo ni vitamini.

— Vitamini imefanyaje?

— Imepungua. Binadamu anakwenda kwa vitamini kama gari linavyokwenda kwa oili. Zimepangwa kwa herufi ili manesi wasichanganye. A ni ya afya kwa jumla. B ni ya baridi yabisi. C ni ya chafya, ndiyo maana ukipata mafua unaambiwa kula chungwa. D ni ya damu.

— Na ya macho? Gervasi akauliza. Alikuwa anauliza kweli.

— M.

— Dokta, sijawahi kusikia vitamini M, Mtandao akasema.

— Hujawahi kufanya kazi zahanati.

— Wewe ulikuwa unafungua geti.

— Geti la wapi? Si la zahanati? Wagonjwa wote walipita kwangu kwanza.

 Kidole cha Mtandao kilikuwa kinapanda na kushuka kwenye kioo cha simu.

— Subirini. Hii hapa. Mtu kutoona vizuri, sababu zake. Ya kwanza wameandika, uvimbe kwenye ubongo.

Gervasi akamgeukia.

— Uvimbe gani?

— Uvimbe tu, kaka. Unakua, unabana mshipa wa jicho. Wanasema wakati mwingine inabidi kupasua kichwa. Ya pili, sukari. Ya tatu... dah, bando limekata.

— Kwa hiyo hujasoma zote, nikamwambia.

— Nimesoma ya kwanza, na huwa wanaanza na ile kubwa. Lakini mimi nina wazo langu. Ule mnara wa simu uliosimamishwa Rusimbi. Mchana mawimbi yanapita juu kwa sababu ya joto. Jua likizama yanashuka, yanapita usawa wa macho ya watu. Kuna jamaa kanirushia video ya mbuzi waliopofuka, kijiji kizima.

— Kijiji gani?

— Hakikuandikwa.

Ningecheka siku nyingine. Siku ile nilimtazama Gervasi, nikaona kila neno linaingia na kukaa. Mtu mwenye hofu hachagui, anaokota chochote unachomwangushia. Uvimbe aliuokota. Mnara aliuokota.

Stesheni alikuwa ananyamaza, na mimi namjua Stesheni, akinyamaza muda mrefu anatafuta pa kuanzia.

— Mnazungumza kitoto, akasema taratibu. Macho ya mtu yakifa yanakufa moja kwa moja. Haya ya Agnesi hayajafa. Asubuhi yapo, jioni hayapo. Sasa jioni yanakwenda wapi?

Akatutazama mmoja mmoja.

— Niliwahi kukaa Kagunga miezi mitatu, tulikuwa na mizigo ya kupokea. Kulikuwa na mwanamke wa namna hiyohiyo. Mchana yu mzima, jioni kipofu. Wakaja kugundua mke mwenzie ndiye aliyekuwa anayaazima. Yakitoka kwa huyu yanaingia kwa yule, anafanyia kazi zake usiku, alfajiri anayarudisha. Jiulize, Msumari, mtaani kwenu nani siku hizi anaona vizuri sana usiku?

— Stesheni, acha hayo, nikasema.

— Nauliza tu.

Niliona jina likimjia Gervasi mdomoni. Alipanua midomo, akaifunga. Baadaye aliniambia kwamba lilikuwa jina la mama Happiness, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, ambaye hushona nguo kwa taa ya sola mpaka saa tano. Ndiye huyohuyo aliyemtoa Agnesi mtaroni. Lakini pale kwenye benchi, kwa pumzi chache, Gervasi alikuwa amekwisha kumhukumu.

— Kagunga kuna boti kesho, Stesheni akaendelea. Yule mtaalamu bado yupo. Mnaondoka mapema, mchana mmefika.

— Na tumbo lile? Kwenye boti, na mawimbi? nikauliza.

— Bora mawimbi kuliko upofu.

Dokta alikuwa ameona mgonjwa wake anachukuliwa. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa kifuko cha nailoni kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na vidonge vyekundu, laini, vinang'aa kama punje za komamanga.

— Hakuna haja ya boti. Hizi ndizo zile wanazowakamulia watoto mdomoni siku za matone. Vitamini yenyewe. Nilizipata kwa mtu sokoni. Mtoto mdogo anapewa kimoja, anakaa nacho miezi sita. Sasa Agnesi ni mtu mzima, na ndani yake kuna mwingine. Mpe kumi. Vitano leo, vitano kesho.

— Ni za M?

— Zimechanganywa.

Gervasi akanyoosha mkono akakipokea kile kifuko. Akakitia mfuko wa shati na kukifunga kifungo. Nadhani alikuwa ameamua kufanya yote: vidonge leo, boti kesho, hospitali ya kupasua kichwa hayo yakishindikana. Na mama Happiness wa kumkabili kati ya hayo. Uso wake ulikuwa wa mtu anayekimbia huku amekaa.

Wakati huo mama mmoja alikuwa amesimama pembeni, beseni la lengalenga, mchicha wa huku kwetu, kichwani. Nilikuwa nikimwona akipita kila siku kurudi kutoka sokoni lakini hakuwahi kusimama kwetu. Wanawake hawasimami sana kwenye kijiwe cha wanaume.

— Mwiriwe, akasema, kisha kwa Kiswahili: Habari za jioni, wazee. Nipate kahawa moja, miguu imekataa.

Tukamsogezea nafasi mwisho wa benchi. Nikamsaidia kushusha beseni. Mchicha ulikuwa umebaki mafungu matano, umelala kidogo kwa jua. Alisema anaitwa Anésie, anakaa na dada yake huku juu, kwao ni Burundi, na kabla ya hapo alikaa kambini miaka mingi. Akanywa kahawa yake nusu kikombe bila kuinua macho. Halafu akamtazama Gervasi.

— Nisamehe, nimesikia maneno yenu nikiwa nimesimama. Huyo mama asiyeona jioni ni mke wako?

— Ndiyo.

— Anakula nini?

Gervasi akaonekana hakuelewa.

— Anakula chakula.

— Ego, ndiyo. Chakula gani?

— Cha kawaida tu. Ugali. Samaki. Nyumbani kwangu hapakosekani samaki, mama, mimi nafanya kazi Kibirizi. Migebuka naleta mwenyewe.

— Unaleta. Yeye anakula?

— Kwa nini asile?

— Jana jioni alikula nini?

Gervasi akafungua mdomo. Nikamwona anarudi jana, anaingia nyumbani kwake kwa mawazo, anatafuta. Alitafuta muda mrefu.

— Mimi hurudi nakuta amenifunikia, akasema mwishowe. Namuuliza, umekula? Ananiambia nimeshakula.

— Na juzi?

— Ananiambia nimeshakula.

Anésie hakumbana zaidi. Akawageukia wengine, bila ubaya wowote, kama mtu anayetafuta msaada.

— Na ninyi, baba zangu? Wake zenu jana walikula nini?

Stesheni alisema mkewe ni mtu mzima. Dokta alisema wanawake wanajijua wenyewe jikoni, ni mambo yao. Mtandao alisema yeye hajaoa, halafu akakumbuka anakaa na mama yake, akainamia simu isiyokuwa na bando. Mimi nilijifanya natazama moto. Mke wangu nimeishi naye miaka thelathini na mbili, na ningeulizwa mbele ya hakimu nisingeweza kusema jana alikula nini.



— Nauliza kwa sababu mimi nilipata huo ugonjwa, Anésie akasema. Mimba yangu ya tatu, kambini. Nilikuwa nakula ugali na maharage, ugali na maharage, na maharage yenyewe nawaachia watoto. Jioni ikifika naingia ndani kwa kupapasa ukuta. Nilidhani nimerogwa. Walinipeleka kliniki, nesi akaniuliza hilohilo nililokuuliza wewe. Akasema macho ya jioni yanakula vitamini A. Isipoingia kwa chakula, mwili unaanza kuzima taa, na mwenye mimba anazimiwa mapema kwa sababu mtoto naye anachukua chake.

— A ni ya afya kwa jumla, Dokta akasema, lakini kwa sauti ndogo.

— Sijui herufi nyingine, baba. Hiyo naijua. Na hizo nyekundu ulizompa, mimi niliomba hizohizo. Nilimwambia nesi, nipe zile za watoto, nyingi, nipone haraka. Akanikatalia. Alisema dozi ile ni kubwa mno, mwenye mimba akiimeza inaweza kumharibu mtoto tumboni.

Mkono wa Gervasi ulikwenda mfukoni. Haukufungua kifungo, ulikaa juu yake tu.

— Huyu mama ni nani? Dokta akauliza. Anauza mchicha. Mimi miaka kumi na moja...

— Getini, Mtandao akasema, na safari hii hakuwa anatania.

Gervasi akasimama. Akanitazama mimi.

— Mzee, twende nyumbani kwangu. Sitaki kwenda peke yangu.

Nilikuwa sijawahi kuondoka kwenye birika langu kukiwa na wateja. Nikamwachia Stesheni, nikavaa koti. Anésie akafunga mafungu mawili ya lengalenga kwenye karatasi, akampa Gervasi bila kusema kitu.

Tulifika jua likiwa bado limebaki kidogo. Gervasi hakupita mlango wa mbele. Akazunguka nyuma, nami nyuma yake. Agnesi alikuwa amekaa kwenye kigoda ukutani, ameelekea palipo na mwanga, anakula haraka kama mtu anayefukuzwa. Alipotuona akafunika sahani kwa kanga.

— Shikamoo baba.

— Marahaba, mwanangu, nikamwitikia. Endelea kula.

— Nimeshamaliza.

Gervasi akachuchumaa mbele yake, akaondoa kanga. Yalikuwa matonge matatu ya ugali wa muhogo, baridi, na chumvi pembeni. Chai ya rangi kwenye kikombe. Kipande cha udongo ule wanaokula wajawazito, kimeng'atwa nusu.

— Samaki wako wapi?

— Ndani. Nimewafunika.

— Hao ni wangu. Wako je?

 Ikatoka yote, taratibu, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuficha. Tangu mwezi wa tatu wa mimba, harufu ya samaki ilimtapisha. Harufu ya mawese pia. Alikuwa anampikia mumewe amejifunga kanga puani. Mboga akipika kwa mawese hawezi, akipika kwa maji hazipiti. Mayai aliambiwa na shangazi mtoto atazaliwa bila nywele. Papai aliambiwa linatoa mimba. Kilichobaki ni ugali, chai na chumvi, akakubaliana navyo.

— Kwa nini hukuniambia?

— Ungefanya nini? Unarudi umebeba mbao kutwa nzima. Nikuambie sili ulichokitolea jasho?

— Na macho? Macho kwa nini hukuniambia?

Jua lilikuwa linaingia nyuma ya milima ya ng'ambo ya ziwa, na uwanja wa nyuma ukaanza kupoteza rangi. Niliona kitu ambacho sijakisahau. Gervasi alikuwa amechuchumaa kulia kwake, na Agnesi akaanza kumjibu akiangalia kushoto kidogo, mahali pasipokuwa na mtu.

— Niliogopa kulisema likawa kweli, akasema. Gervasi, mama yangu alizaa watoto wote usiku. Dada zangu wote wamejifungua usiku. Nilikuwa nawaza, huyu naye atakuja usiku, wataniwekea mikononi, na mimi sitamwona.

Gervasi akamshika kidevu, akamgeuza uso mpaka ukamwelekea.  Nami nikaona nina kazi ya kuangalia ukuta.

Wakati ule mama Happiness akachungulia kutoka upande wake, akauliza kama mgonjwa anahitaji taa. Gervasi alimjibu asante dada, na lile neno dada lilimtoka kwa shida, kwa sababu alikuwa anaona aibu ambayo yule mama hakuijua.

Vidonge alivitupa chooni jioni ileile. Boti ya Kagunga iliondoka asubuhi bila wao. Walikwenda kliniki ya wajawazito, na mimi nilijua yaliyosemwa kwa sababu Gervasi aliyarudia kijiweni neno kwa neno, kama mtoto aliyetumwa. Nesi aliwauliza maswali mengi, akampima damu, akamtazama macho kwa tochi. Akasema kweli ni upungufu wa vitamini A, na damu pia iko chini. Akampa vidonge vya dozi ndogo vya mjamzito, vya kumeza kwa utaratibu wake, na vya damu. Kuhusu zile nyekundu za watoto akasema maneno yaleyale ya Anésie, ila kwa ukali zaidi, na akataka kujua ni nani anayezigawa mitaani. Gervasi hakumtaja.

— Na chakula? Stesheni akauliza. 

— Papai bivu. Kasema hilo la kutoa mimba ni maneno ya watu, papai likiiva ale. Viazi vitamu vile vya njano ndani. Yai kila akipata. Lengalenga. Na mawese, kasema sisi watu wa Kigoma tumekalia dawa yenyewe, wekundu ule ndio vitamini yenyewe. Ila tusiyaunguze mpaka yakawa meupe. Harufu ikimshinda, nianze na kijiko kimoja kwenye maharage, aongeze mwenyewe.

— Uanze wewe?

— Ninapika mimi. Yeye anakaa mbali na moshi.

Mtandao alitaka kucheka, akaniangalia, akaacha. Dokta alikunywa kahawa yake mpaka machicha, akaomba nyingine, akasema tu kwamba zamani zahanati mambo yalikuwa tofauti.

Wiki ya kwanza hakikubadilika kitu. Gervasi alikuja kijiweni kwa kupitia tu, amekonda, akisema jana bado, leo bado. Nesi alikuwa ameonya kwamba itachukua muda, lakini muda wa mwenye hofu ni mrefu. Wiki ya pili Agnesi alikula yai zima na halikurudi. Anésie akawa anapita kwao kila akitoka sokoni, wanakaa nyuma ya nyumba wanachambua mboga na kuongea mambo yao, na mama Happiness anawasogelea na cherehani yake.

Mwisho wa wiki ya nne Gervasi alikuja saa kumi kamili, akakaa, akanywa kahawa yake yote kwanza. Tulingoja. Hata Mtandao aliweka simu mfukoni.

— Jana, akasema, tulikula pamoja nje. Giza likaingia. Nilitaka kumshika mkono nimpeleke ndani kama kawaida. Akaniambia ngoja. Akasimama mwenyewe, akaenda mpaka pale kwenye kona ya nyumba panapoonekana ziwa. Kulikuwa hakuna mwezi. Wavuvi wa dagaa walikuwa wameshawasha taa zao huko nje. Akanyoosha kidole, akaanza kuzihesabu.

— Alizihesabu? nikauliza.

— Moja moja. Pole pole. Alifika saba.

Akageuza kikombe kitupu mikononi mwake.

— Mimi nilikuwa naziona tano, mpaka aliponionyesha mbili za mbali.